Mfungo wa Babu katika Stoo ya Ngozi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwamini babu aliponiambia amefunga. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani kwa maalimu wa mtaa kwa muda wa kutosha kujua kwamba mzee wa umri wake, asiyejiweza, halazimiki kufunga hata Ramadhani, seuze siku za hiari. Nilijua hivyo na bado nilimwamini, kwa sababu siku ile kumwamini kulinifaa.

Tulikaa Majengo, Meru mjini, mtaa wa Waislamu waliotoka kila upande. Babu alikuwa Mnyamwezi. Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza vya Wazungu, na vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alisilimu kambini, akamfuata mfanyabiashara wa ng'ombe mpaka Meru, akaoa msichana wa Kimeru kutoka upande wa Kinoru. Bibi naye alisilimu, lakini Kiswahili hakikumwingia, kwa hivyo babu ndiye aliyejifunza Kimeru. Walizungumza lugha hiyo chumbani kwao miaka zaidi ya thelathini, mpaka bibi alipofariki, mwaka mmoja kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa. Baba na shangazi walilelewa hivyo: ndani Kimeru, nje Kiswahili. Mimi nililelewa na Kiswahili peke yake. Baba, ambaye alikuwa na bucha karibu na soko, aliona kwamba kinatosha.

Hali ya Hatari ilipokuja, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, kila mtu aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa jambo lingine. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru alitakiwa kutembea na pasi. Wengi walitolewa kwenye mashamba yao, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na kila wiki walitoka na majembe kwenda kazi ya lazima. Sisi tuliandikwa watu wa kuja. Watoto wa shule walikuwa wakituita hivyo kwa kututukana, na sasa jina hilo ndilo lililotulinda. Baba aliendelea na leseni yake ya bucha kwa sababu ya jina hilo, na alilitunza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Babu alikuwa akishinda barazani, kwenye kiti cha ngozi. Macho yake yalikuwa na ukungu na miguu haikumfikisha mbali. Kadiri alivyozeeka, Kiswahili kilikuwa kikimtoka. Asubuhi alikuwa nacho, lakini akichoka kilichobaki ni Kimeru cha bibi. Watu wa kazi ya lazima walipopita barabarani alisikia miguu yao, na kwa kuwa aliona ni adabu kumsalimu mpita njia, aliwasalimu kwa Kimeru: "Muuga." Wao walimjibu, wengine wakipunguza mwendo ili wamjibu vizuri.

Siku moja askari aliyekuwa akiwasindikiza alisimama, akamwuliza baba kama ile ni nyumba ya Wameru. Baba akasema siyo. Askari akamtazama babu kwenye kiti, akamtazama baba, akasema labda atarudi kuuliza tena. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa bado halijatua siku hiyo baba alipokibeba kitanda cha babu mgongoni, akakipeleka nyuma ya nyumba, kwenye stoo ya ngozi.

Stoo ile ilikuwa chumba cha mabati ambamo baba alikuwa akitia chumvi ngozi za ng'ombe na kuziwamba kabla ya kuziuza. Biashara ya ngozi ilikuwa imesimama, na chumba kilikuwa tupu. Hakikuwa na dirisha. Harufu ya chumvi na mafuta ilikuwa imeingia kwenye udongo wa sakafu, haikutoka hata tulipomwaga majivu. Baba alisema ni kwa muda mfupi, mpaka mambo yatulie. Babu hakubisha. Aliuliza tu kiti chake kiko wapi, na akaambiwa hakuna nafasi.

Jambo moja hatukulifikiria siku ile. Kwetu, mke hawezi kuingia mahali anapolala baba mkwe wake. Babu alipokuwa barazani, mama alimwekea sahani mkekani mbele yake kila alipopakua, akamnawisha mikono, na hakuna aliyehitaji kukumbuka kitu. Alipohamia stoo, chakula chake na mahali pake pa kulala vikawa kitu kimoja, na mama hakuweza tena kukanyaga pale. Wakati huohuo vijana wawili wa Kimeru waliokuwa wakimsaidia baba buchani walishindwa kupata ruhusa ya kuja mjini, mama akaanza kushinda bucha na baba. Asubuhi alipika cha mchana akakifunika, na mimi ndiye niliyetakiwa kukipeleka.

Ni lazima niseme nilikuwa nikifanya nini nyumbani. Shule niliacha darasa la nne, na nilikuwa nimeamua kuwa karani. Nilikuwa na kitabu cha kufundishia taipu, kisicho na jalada, na kwa kuwa sikuwa na mashine nilichora vitufe vyake kwenye kipande cha boksi, nikawa ninavigonga kwa vidole huku nikitamka herufi. Sharti nililojiwekea lilikuwa kwamba nikikosea herufi moja ninarudia ukurasa mzima. Nilikuwa ninakosea sana. Niliogopa kwamba siku nitakapoitwa ofisini nitakosea mbele ya watu, na hofu hiyo ilikula mchana wangu wote.

Mara ya kwanza niliyosahau ilikuwa Alhamisi. Niliinua kichwa saa kumi, nikaona sahani bado imefunikwa mezani. Nilikimbia stoo mikono mitupu, maneno ya kuomba radhi nikiwa nimeyapanga tayari. Babu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Usijisumbue, karani," alisema. Aliniita hivyo kwa utani. "Leo nimefunga."

Nilishusha pumzi. Alhamisi, kama Jumatatu, ni siku ya sunna ya kufunga, kwa hivyo kila kitu kilikaa mahali pake. Nilirudi ndani nikakila kile chakula mimi mwenyewe, nikaosha sahani.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda stoo kwanza, kabla ya kubeba chochote, nikamwuliza kama amefunga. Akasema amefunga. Baadaye nikawa ninamwuliza siku yoyote, nimesimama mlangoni, sina kitu mkononi, na jibu lilikuwa lilelile. Sikuona wakati ule kwamba mtu anayeulizwa hivyo na kijana asiyebeba sahani hana jibu jingine. Mama aliona chakula kinaisha polepole, akapunguza kupika cha mchana. Viazi vilivyoletwa kutoka Kibirichia vilikuwa haba sokoni miezi ile, na alishukuru. Nilipomweleza baba, alisema ni vizuri kama mzee anamkumbuka Mungu.

Usiku alikula kile kilichobaki, nikikumbuka. Siku mbili au tatu alitoka stoo akipapasa ukuta, akitaka kwenda barazani, na baba akamrudisha kwa kumshika mkono juu ya kiwiko. Alimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baada ya hapo, wote tukitoka, mlango wa bati ulikazwa kwa waya kwa nje. Mimi nilikuwa ninaukaza pia. Nilijifunza kuukaza vizuri, mizunguko mitatu, ncha ikielekea chini isimkwaruze mtu.

Mjane aliyekaa upande wa pili wa ua, muuza mandazi, alikuwa akizungumza na babu kupitia mabati. Kila alipotaka kumpitishia andazi chini ya ua, babu alimwambia amefunga, na yeye akamtania.

"Mzee, kwa kasi hii utafika peponi mapema ukute mlango haujafunguliwa."

"Nitangoja nje, mama," babu akamjibu. "Kungoja nimezoea."

Mjane alicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikiwa jikoni. Habari zilienea mtaani kwamba yule mpagazi wa zamani amekuwa mcha Mungu uzeeni, na maalimu alimpongeza baba mbele ya watu. Nilipewa sehemu yangu ya sifa hizo na niliipokea.

Mwezi wa Shaabani nilimwandikia barua shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Embu. Yeye hakujua kusoma, lakini mumewe alijua. Nilimweleza kwamba babu anafunga siku tatu au nne kwa wiki, na wiki moja tano. Nilijua kwa uhakika kwa sababu nilikuwa nimepiga mistari katika daftari na kuweka alama kwa kila siku. Niliinakili barua ile mara tatu kwa sababu ya doa la wino. Nilitaka shangazi aone mwandiko.

Ramadhani ilipoingia, babu alinenepa. Jambo hili lilinishangaza na nikaliandika pembeni mwa daftari. Sababu yake ilikuwa rahisi. Jioni adhana ilipotoka, sote tulikuwa nyumbani, sote tukiwa na njaa, na hakuna aliyeweza kusahau chakula. Majirani nao walileta uji na maharagwe. Kwa mwezi mzima babu alikula kila siku kwa saa yake, na mashavu yakamrudi kidogo. Mimi niliona ni baraka za mwezi mtukufu.

Siku ya Idi hatukumpeleka kuswali. Baba alisema miguu yake haitaweza. Tuliporudi mama alipakua pilau. Nilikuwa nimeandika orodha ya nyumba kumi na moja za kupelekewa sahani, nikazipeleka moja baada ya nyingine huku nikikata majina. Sikuruka hata nyumba moja. Nilipomaliza ilikuwa karibu na alasiri, nikaenda stoo na kanzu yangu mpya kumpa babu mkono wa Idi.

Alinikamata mkono, akapapasa kitambaa cha mkono wa kanzu, akakisifu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

"Na wewe, babu?" niliuliza, kwa mazoea tu.

"Mimi nimefunga."

Nilimsahihisha. Hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulisema kuliko yote. Nilimwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba leo haifai, kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Babu alikuwa Mwislamu miaka arobaini. Aligeuza uso mlangoni, kwenye mwanga.

"Ni haramu?" aliuliza.

"Ndiyo, babu."

"Basi niletee."

Nilikwenda jikoni. Sufuria ilikuwa imekwisha kutiwa maji. Mama alinitazama akasema sahani zote alinipa mimi, alidhani ya mzee ilikuwamo. Nilitoa orodha mfukoni. Nyumba kumi na moja zilikuwamo na stoo haikuwamo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilifanya kitu ambacho mtaani kwetu hakifanywi: nilikwenda kwa mjane kuomba nirudishiwe sahani ya Idi niliyompelekea mwenyewe. Aliniuliza ni ya nani. Nikasema ya babu.

"Si amefunga," alisema, akicheka, kisha akaacha kucheka. "Leo?"

Alichukua sahani yake, ambayo ilikuwa imeliwa nusu, akaongeza mandazi mawili, akaifunika kwa kitambaa safi. Aliponipa hakunitazama.

Babu alianza kula haraka, kisha akapunguza. Tumbo halikuweza. Alipodhani nimetoka, alichagua vipande viwili vya nyama, akavifuta kwa vidole, akavitia chini ya mto. Baadaye nilipotandika kitanda nilikuta huko vipande vya mkate wa Ramadhani, vimekauka kama magamba, vimefungwa kwa karatasi za mazoezi ya mwandiko nilizozitupa. Usiku ule nilihesabu alama za daftari. Hazikuwa siku za kufunga.

Shangazi alifika kesho yake. Ruhusa ya kusafiri kutoka Embu ilimchukua mwezi mzima kuipata, na alipewa siku tatu tu. Aliingia stoo moja kwa moja, akakaa huko muda mrefu, tukasikia Kimeru chao cha chinichini. Alipotoka aliniita.

"Barua yako nilisomewa mara mbili," alisema. "Mume wangu alisifu mwandiko."

"Asante, shangazi."

"Baba yangu hajawahi kufunga siku isiyo ya lazima tangu nizaliwe. Ramadhani alikuwa akianza kuuliza adhana saa tisa. Marehemu mama alikuwa akimficha kijiko."

Alimngoja baba arudi kutoka bucha. Mazungumzo yao yalikuwa uani, na hawakupaza sauti, kwa sababu majirani wako karibu. Shangazi alitaka kumchukua mzee Embu. Baba alimwuliza ataandikwa kabila gani kwenye ruhusa ya safari akifungua mdomo mbele ya karani, na huko Embu atawekwa kijiji gani. Shangazi akasema basi arudi barazani. Baba akasema akirudi barazani atasalimu watu, na siku tutakapoandikwa Wameru leseni imekwenda, na mimi na mama tutalala katika kijiji cha handaki. Alisema kwamba yeye ana watu watatu wa kulinda na mzee ni mmoja wao tu.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji. Nilisema kosa ni langu, chakula mimi ndiye sikupeleka, baba hakujua.

Baba hakunitazama. Alikuwa anachokoa damu kavu kwenye kucha kwa kijiti.

"Nilijua," alisema. "Yule mzee afunge? Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Shangazi aliketi chini, pale pale uani. Hakulia. Alisema hataondoka Meru mpaka kitanda kitoke stoo, na ruhusa yake ikiisha wamkamate mbele ya nyumba ya kaka yake, askari waone ni nyumba ya nani. Hilo ndilo lililomfanya baba ainuke, nadhani. Sijui kama ni aibu au ni hofu ya askari. Nilitaka iwe aibu, lakini sikumwuliza, na mpaka leo sijamwuliza. Asubuhi yake alikibeba kitanda mgongoni, akakirudisha chumba cha mbele, na kiti kikarudi barazani. Shangazi aliondoka siku ya tatu, ruhusa yake ikiwa bado na saa chache.

Siku kumi baada ya hapo watu wa kazi ya lazima walipita. Babu aliwasalimu. Wengine walimjibu na mmoja akamwuliza alikuwa wapi. Askari alikuwa yuleyule. Alivuka barabara akaja mpaka barazani, ambapo mimi na baba tulikuwa mlangoni. Alimwuliza baba huyu Mmeru ni nani.

"Ni baba yangu," baba alisema. "Ni Mnyamwezi. Kimeru alifundishwa na mke wake."

Askari alimwuliza babu kitu kwa Kimeru, na babu akamjibu kwa sentensi ndefu. Askari akacheka. Akamwambia baba kwamba mke wa mzee alikuwa mwalimu mkali, akaomba maji ya kunywa, akayanywa, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja bucha akachukua nyama bila kulipa, na aliendelea kuchukua kila wiki mpaka alipohamishwa. Hayo ndiyo yaliyotupata. Tulikuwa tumemweka mzee stoo karibu mwaka mzima kwa kuogopa swali lililojibiwa kwa sentensi tatu. Lakini sitasema baba alikuwa mjinga kuogopa. Nyumba nyingine mbili za mtaa huo ziliulizwa swali hilohilo na hazikujibu vizuri, na watu wake hatukuwaona tena pale.

Siku hizi Hali ya Hatari imekwisha, na mimi ni karani katika duka la nafaka Embu. Ninakaa kwa shangazi. Babu bado yuko hai, Meru, chumba cha mbele, haoni kabisa. Mama humpakulia kwanza, humwekea sahani mkononi barazani, na wengine hula baadaye. Ninapokwenda likizo ninafanya hivyo mimi, na simwulizi kama amefunga.